Naomba ushauri: itifaki yetu wenyewe ndani ya msimbo wa wazi ulio Marekani

Wakuu, naombeni msaada. Programu yetu ya ujumbe inatumia AES-256 (mbinu ya kawaida ya usimbaji, yaani kuficha data), na msimbo wa programu hiyo tunauweka wazi kwenye seva za Marekani. Tangu marekebisho ya Machi 2021, kifungu 742.15(b) cha EAR (kanuni za Marekani za kudhibiti usafirishaji nje) kinadai, kwa msimbo ulio wazi, barua pepe kwa BIS (ofisi inayosimamia kanuni hizo) na NSA (shirika la usalama la Marekani) pale tu usimbaji usipokuwa wa kawaida. AES haina shida. Kinachonisumbua ni itifaki ya kubadilishana funguo tuliyoibuni wenyewe. Haijapitishwa na mashirika ya viwango vya kimataifa kama IETF wala ISO. Je, tukichapisha kwanza maelezo yake kamili inatosha, au tutume taarifa hata hivyo?

Halafu toleo la simu lina moduli moja iliyofungwa (msimbo wake hauko wazi), kwa hiyo naona msamaha huo wa msimbo ulio wazi haulifikii. Mliowahi kuainisha la namna hiyo, mlianzia 740.17(b)(1) (kujiainishia wenyewe) au mliomba uainishaji BIS kwanza?