Ushauri wenu wakuu: RTX 3060 au RTX 4060 kwa monita ya 4K?

Kijana wa Nyakato
Wakuu salaam. Nipo Mwanza. Nimejichanga kwa muda mrefu, sasa nataka nikamilishe mashine ya gemu na kichwa kinaniuma. Nichukue kadi ya picha (GPU) ya RTX 3060 yenye memori ya GB 12, iliyotumika, au nijikamue nichukue RTX 4060 ya GB 8, mpya? Ya kwanza ipo kwa jamaa wa Kariakoo, anasema akiona hela tu anaipakia kwenye basi. Monita nataka ya inchi 27, 4K, ile yenye nukta nyingi. Nacheza GTA V na eFootball, na najiandaa na GTA VI. Bajeti milioni 1.6. Naombeni majibu ya haraka, jamaa anadai kuna mteja mwingine anaivizia. Natanguliza shukrani.

Bwana Fyuzi
Karibu mkuu. Kompyuta yenyewe ni ipi, na pawa saplai yake ina wati ngapi?

Kisiki cha Mpingo
Chukua 3060, GB 12 siyo mchezo. Ila kwa zilizotumika uwe macho, nyingi zilikuwa zinachimba sarafu za mtandaoni. Sarafu ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kadi Septemba 2022, watu walizimwaga sokoni kwa mafungu. Kadi imekesha inafanya kazi usiku na mchana, inapanguswa vumbi, unaambiwa ilikuwa ya mwanafunzi wa chuo.

Mama Juni
Milioni na laki sita kwa ajili ya gemu? Mdogo wangu, hiyo hela ukiipeleka Buswelu unaanza hata msingi wa nyumba. Sikukatazi starehe, ila umri hausubiri mtu.

Dogo wa Keko
4060 mkuu. Inakula wati 115, mwenzake anakula 170. Ukinunua umeme wa LUKU utaniombea dua. Mimi gemu nimeanzia kwenye PS2 ya kibandani, ukifungwa unampisha mwenzako kwenye benchi. Kulikuwa na bro mmoja hafungiki, anachukua Brazil tu, Adriano anapiga kutoka katikati ya uwanja. Tulikuwa tunaacha hela ya chapati ili tumfunge tu. Mpaka kibanda kinavunjwa hakuna aliyemuweza.

Kijana wa Nyakato
Asanteni wakuu. Dada Mama Juni nimekusikia, ila hela ni ya jasho langu na sina deni la mtu. Kompyuta ipo vizuri tu, i5, RAM GB 16, SSD. Kwa hiyo mpaka sasa kila kadi ina kura moja. Kura zaidi?

Bwana Fyuzi
Mkuu, i5 siyo jibu. i5 zipo tangu 2009. Nitajie modeli. Bila hiyo mtu yeyote anayekuchagulia kadi anabahatisha.

Kijana wa Nyakato
Sioni kama inahusiana sana, ila sawa. Ni Dell OptiPlex 9020, i5-4590. Kuna ofisi ilikuwa inabadilisha vifaa, nikaipata kwa bei nzuri. Ni ile nyembamba ya kulaza mezani.

Bwana Fyuzi
Hapo ndipo penyewe, na ungeanza na hilo mkuu wangu. Hilo boksi jembamba haliipokei 3060 wala 4060 ya kawaida. Kadi inasimama juu ya mazabodi (bodi kuu) na mfuniko haufungi. Boksi lako linataka kadi za kimo kifupi.

Umeme ndiyo kikwazo kikubwa zaidi. Pawa saplai ya hilo boksi ni ya wati 255. NVIDIA wenyewe wanapendekeza 550 kwa 3060, na 4060 hivyohivyo. Zaidi ya wati, haina waya wa kwenda kwenye kadi. Kadi yako inaishi kwa kile inachopewa na sloti inamochomekwa tu, yaani wati 75, basi. Na usiseme utabadilisha pawa saplai, maana ya kawaida ya dukani ina plagi ya pini 24 na mazabodi ya 9020 inataka ya pini 8, umbo la Dell wenyewe. Kuna viunganishi vya kugeuza, lakini pawa saplai kubwa haiingii humo ndani.

Prosesa nayo ni ya 2014, nyuzi nne, yaani inashika kazi nne tu kwa wakati mmoja. Ukiipa 3060, kadi itakuwa inasubiri kazi.

Kijana wa Nyakato
Nimekuelewa mkuu, ila kuna video nimeona. Jamaa ametoa mfuniko, pawa saplai kubwa kaiweka pembeni, kadi imekaa nje kwa waya wa kurefusha sloti, na gemu linatembea. Mimi chumbani nipo peke yangu, hakuna wa kuligusa. Halafu kurudi nyuma ni ngumu, monita ya 4K nimeshaitolea kishika uchumba laki mbili. Muuzaji amesema hela hairudi.

Kisiki cha Mpingo
Chumbani peke yako, na mende je? Na vumbi la Nyakato?

Mkaguzi wa Nyuzi
Wakuu, mnapoteza muda. Hii ni chai. Mtu ana milioni 1.6 mkononi, hajui boksi lake linapokea kadi gani, lakini anajua mpaka waya wa kurefusha sloti? Akaunti imefunguliwa mwezi huu. Kaulizwa kompyuta, kakwepa mara mbili. Na ile ya "kuna mteja mwingine" ni lugha ya dalali. Huyu ndiye mwenye hiyo 3060, anaipandisha bei kupitia migongo yetu. Kesho utaona mtu anakuja kuuliza "bado ipo?"

Dogo wa Keko
Aisee. Na mimi nimemwaga historia yangu yote ya PS2.

Mama Juni
Mimi nilishashangaa toka mwanzo. Mwanaume mwenye hela hiyo Mwanza hii na bado hajaoa?

Mkaguzi wa Nyuzi
Alete ushahidi, tuombane radhi. Bila hivyo uzi ufungwe.

Kijana wa Nyakato
Wakuu, hili limeniuma. Akaunti ni mpya kwa sababu nilikuwa nasoma tu, sikuwa na cha kuandika. Modeli sikuisema kwa sababu kila nikiitaja kwa watu wanacheka, wanasema ni kompyuta ya mhasibu. Nimefungua boksi sasa hivi. Pawa saplai ni kipande cha bati cha rangi ya fedha, stika yake imeandikwa DELL, chini 255W. Kinatoa waya wenye plagi ndogo ya safu mbili, pini nne juu nne chini, unaingia kwenye mazabodi, na mwingine wa pini nne unaingia humohumo kwa ajili ya prosesa. SSD inachukua umeme wake kutoka kwenye mazabodi. Hakuna mwingine. Sina 3060. Ningekuwa nayo nisingekuwa hapa.

Bwana Fyuzi
Mkaguzi, mwache. Aliyoyaeleza ndiyo yaliyomo humo, nimefungua hizo mashine nyingi. Turudi kwenye kazi.

Kijana, njia zipo mbili. Ya kwanza, baki na boksi hilo, tafuta GTX 1650 ya kimo kifupi, isiyo na tundu la waya wa umeme. Inakula wati 75. GTA V na eFootball itazicheza vizuri kwa 1080p, yaani Full HD. Pima nafasi ya pembeni kwanza, nyingi ya hizo zina unene wa sloti mbili. Ukikuta RX 6400 iache, kadi hiyo inatumia njia nne tu za PCIe, yaani za sloti ya kadi, na kwenye mashine ya zamani kama yako inapungua nguvu.

Ya pili, ambayo ningefanya mimi, uza Dell, tafuta HP Z440 iliyotumika. Nayo ni ya zamani, lakini ni mnara mzima, pawa saplai wati 700, prosesa ya Xeon ndani. Waya zake za kadi ni za pini 6, kwa hiyo nunua na kiunganishi cha kugeuza mbili kuwa pini 8. Hapo hiyo 3060 inakaa kihalali.

GTA VI usiinunulie kitu leo. Iliyotangazwa mpaka sasa ni ya PS5 na Xbox Series.

Kijana wa Nyakato
Na monita? Maana mimi bado naitaka.

Bwana Fyuzi
4K ina nukta milioni 8.3 kwa kila picha, 1080p ina milioni 2.07. Kadi inafanya kazi mara nne. Ungeniuliza mwanzo ningekwambia inchi 24, 1080p, Hz 144 (picha 144 kwa sekunde), na chenji inabaki. Lakini kwa kuwa laki mbili imeshakwenda, hoja yako ina mashiko. 4K inagawanyika sawasawa, nukta moja ya 1080p inakuwa nne za 4K bila salio. Ingia kwenye mipangilio ya NVIDIA uwashe ukuzaji wa namba kamili (integer scaling), picha haitakuwa na ukungu. GTX 1650 inayo, 3060 inayo. GTX 1050 Ti haina, kwa hiyo usikubali kubadilishiwa. Cheza kwa 1080p, filamu na kazi nyingine weka 4K.

Kijana wa Nyakato
Basi monita inabaki. Nimemwambia wa Kariakoo amuuzie huyo mteja wake. Kanijibu mteja ameghairi, anapunguza elfu hamsini. Z440 naanza kuulizia leo.

Mkaguzi wa Nyuzi
Sawa mkuu, nimekubali, samahani. Ila hata kwa hiyo bei usitume hela kabla ya kuiona inafanya kazi. Zipo kadi za kale zimebadilishwa jina ndani kwa ndani. Programu ya GPU-Z inazitambua nyingi, inakuandikia kabisa kuwa ni feki.

Dogo wa Keko
Mimi nipo karibu na hapo. Jumamosi nikitoka kazini naweza kupita dukani kwake, aiwashe, GPU-Z ifunguliwe, mimi nakupigia kwa video unaona kila kitu. Joto tuliangalie angalau dakika ishirini gemu likiwa linatembea, akigoma tunaondoka.

Kijana wa Nyakato
Kaka Mungu akubariki. Jumamosi saa ngapi?