Pesa za matanga ya yaya: tutume kwa shirika gani la wanajeshi wastaafu?

Mwana Kamalondo
Jambo wakubwa, jambo ndugu. Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, alitumikia jeshi la Marekani miaka 8, akatoka vitani na mguu mmoja. Ametutoka mwezi uliopita kule Texas. Tulipovunja matanga hapa Lubumbashi zilibaki dola 400 za mchango, na yeye mwenyewe aliacha neno ziende kwa wastaafu wenzake. Sasa mashirika ni mengi, kila moja na bendera yake. Moja linasema asilimia 90 inawafikia wastaafu. Niamini? Pesa hizi zimetolewa na mama wauza mboga, naziogopea.

Tantine wa Katuba
Pole sana mwanangu. Mungu awatie nguvu.

Mhasibu Kampemba
Pole ndugu. Nashika hesabu za asbl, mashirika yasiyo ya faida, hapa mjini. Hiyo 90 usiikatae, ila uliza wamehesabu nini ndani yake. Shirika linatuma maelfu ya barua za kuomba pesa, linatia humo maneno machache kuhusu majeraha ya vita, kisha sehemu ya gharama inaandikwa "elimu kwa umma" na kuingia kwenye hesabu ya msaada. Sheria yao inaruhusu. Wengine wanapokea vitu vya bure na kuvipa bei kubwa vitabuni. Asilimia inapanda, na mlemavu hajapata hata gongo.

Mashirika makubwa ya hisani kule hujaza Fomu 990 kila mwaka kwa ofisi ya kodi, IRS, na raia yeyote anaweza kuisoma. Tafuta ukurasa wa matumizi: kuna safu ya programu, yaani kazi yenyewe ya msaada, ya uongozi, na ya kutafuta michango. Soma pia mishahara ya wakubwa. Mimi nawategemea CharityWatch, wapimaji wa mashirika ya hisani, kwa sababu wanarekebisha zile barua na vile vitu vya bure kabla ya kutoa alama. Kwao shirika linalofanya vizuri linapeleka asilimia 75 au zaidi kwenye programu, na halitumii zaidi ya dola 25 kupata dola 100.

Papa Ruashi
Na jina lisikudanganye. U.S. Navy Veterans Association ya Florida ilikusanya mamilioni. Aliyeiongoza alijiita Bobby Thompson, jina la kuiba. Alikamatwa 2012, mwaka uliofuata mahakama ya Ohio ikampa miaka 28. Hata shirika la kweli huteleza: 2016 bodi ya Wounded Warrior Project iliwaondoa viongozi 2 wa juu baada ya vyombo vya habari kuandika juu ya matumizi yao ya safari na mikutano.

Dada Bukavu
Mimi ningeanza kwa Fisher House. Tangu 1990 wanajenga nyumba karibu na hospitali za jeshi na za wastaafu, familia inalala bure mgonjwa wao akitibiwa. Sisi tunaolala barazani na sufuria miguuni tukiuguza mtu, tunajua kitanda hicho kina thamani gani. Kazi yao inaonekana kwa macho, na alama zao ni za juu.

Papa Ruashi
Lakini kijana, mbona pesa ivuke bahari? Wajane wa askari wetu wapo pale Camp Vangu.

Mwana Kamalondo
Papa, neno la marehemu siwezi kuligeuza. Ila mama amesikia nikisoma maneno yako, amesema mwezi ujao ataanza mchango mwingine wa wajane.

Mhasibu Kampemba
Kwa huo wa hapa, kama mtapitia asbl, waombe hati ya utu wa kisheria kufuatana na sheria 004 ya tarehe 20 Julai 2001. Kisha nendeni kwa miguu mkaone. Kwa ule wa Marekani, shemeji yako alipe akiwa kulekule, moja kwa moja kwenye tovuti ya shirika, na akutumie risiti. Asimpe mtu aliyepiga simu kuomba.

Mwana Kamalondo
Aksanti wakubwa. Leo usiku nitasoma 990 ya Fisher House na mtoto wa tantine anayejua Kiingereza. Risiti ikifika nitaichapisha, wale mama wa soko waisome pia.