Naomba ushauri: monita ya bei nafuu ya kuhariri picha

Habari zenu wakuu. Nahariri picha za watu kwenye laptopu yenye kioo cha TN (aina ya skrini ya bei rahisi), na nikiinamisha kichwa kidogo tu rangi ya ngozi inabadilika. Zikichapishwa, zinatoka na giza kuliko nilivyoziona. Nimepunguza mwanga wa skrini, giza likapungua, ila rangi bado siziamini.

Monita za Adobe RGB (zenye wigo mpana zaidi wa rangi) nimeziweka kando, bei zake siziwezi. Tena picha zangu nyingi zinaishia mtandaoni, kwa hiyo sRGB (wigo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni) inanitosha. Nimebaki na mbili, zote IPS (kioo ambacho rangi hazibadiliki sana ukikitazama kwa pembeni), zote zinadai sRGB asilimia 100: moja ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080, nyingine ya inchi 27 yenye 2560 kwa 1440. Hiyo kubwa itamaliza hela yote. Nikichukua ndogo, inabaki ya kununulia kifaa cha kupimia rangi (yale madai ya kwenye boksi kwamba rangi zimeshapimwa kiwandani yananipa mashaka).

Kwa kazi kama hii kipi kitanifaa zaidi, pikseli nyingi au hicho kifaa? Na nikiamua kununua monita iliyotumika, nikague nini kabla ya kulipa?

Natanguliza shukrani.