Mrejesho: zile nyumba za zamani mtaani kwetu, Iringa mjini

Wakuu, nimerudi. Niliomba ushauri kuhusu baraza zinazobomoka na wapangaji wanaotukimbia. Mdau uliyesema tubandue plasta ya saruji tupige chokaa, ubarikiwe. Saruji ilifungia unyevu ndani, tofali likimong'onyoka kama biskuti kwenye chai. Wazee walibisha, tukawapeleka Boma, jengo la Wajerumani la 1900 ambalo sasa ni makumbusho, wakapapasa zile kuta nene, wakanyamaza.

Tumemaliza baraza tatu, kwa michango na Jumamosi zetu. Mvua zimekata, ukuta mkavu, na fundi cherehani mmoja kasharudi na mashine yake.

Paa ndipo tulipofeli. Warithi wanavutana, hakuna wa kusaini, bati linavuja palepale. Ndoo bado ipo. Asanteni sana.