Naomba ushauri: kiinitete hakishiki, daktari anataka kunikwaruza

Habari zenu wapendwa. Niko Tanga, nina miaka 36. Nimepandikizwa kiinitete (mimba changa iliyotungwa maabara) mara mbili Dar, zote zimetoka patupu. Ya pili damu ilinianza ndani ya basi, nikajikaza na kanga yangu mpaka Segera.

Wifi kanisomea kuwa tangu 2017 watafiti Ulaya wanachukua kipande cha ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, wanaotesha seli zake kwenye jeli, wakizipa homoni za estrojeni na projesteroni zinaitikia kama ziko mwilini. Nilivyoelewa mie, huo ni utafiti, si tiba.

Daktari sasa anataka kuukwaruza ukuta huo, kwa malipo ya ziada. Mbona utafiti wa 2019, wanawake zaidi ya 1,300, haukuona faida? Nikatae? Waliokwaruzwa, niambieni.