Nimekatwa dola 600 kwa mkataba ambao haupo, na karatasi ya kudai wameikalia

Wakuu, nimevumilia tangu Machi, leo imenifika kooni.

Mimi ni mtu wa samaki. Nusu ya maisha yangu nimeimaliza Mwaloni Kirumba nikipima dagaa na sangara. Mwaka jana chuo kimoja Marekani, jina naliacha, kikanialika miezi minne kwa viza ya J-1, ile ya watafiti na wanafunzi wa kubadilishana. Nauli na chakula vilitoka kwenye mradi wa huku. Nikiwa kule wakaniomba mihadhara minne kuhusu ziwa letu, malipo dola 2,000. Barua inasema 2,000. Nikapiga simu nyumbani: ada ya mtoto imepatikana.

Dada wa malipo, mpole kweli, akanitumia fomu 8233. "Jaza hii, hutakatwa kodi." Kuna mahali wanauliza mkataba gani wa kodi kati ya nchi yako na Marekani, kifungu namba ngapi. Nikamuuliza, Tanzania ni kifungu kipi? "Andika Tanzania tu, sisi tutamalizia." Nikaandika TANZANIA, herufi kubwa, wino mweusi, kama walivyoagiza.

Wiki tatu baadaye: fomu imekataliwa, nchi yako haina mkataba na sisi. Asilimia 30 imekwenda. Nimeshika 1,400.

Sasa jamani, hiyo ni siri? Mkataba wa kodi ya mapato tunao na India, Zambia, Uswidi, Norwei, Kanada na wengineo. Na Marekani hatuna. Afrika nzima wenye nao ni Misri, Morocco, Tunisia na Afrika Kusini, basi. Orodha iko wazi, kuitazama hata dakika haiishi. Mmisri niliyekaa naye ofisi moja alihadhiri ukumbi uleule, hakukatwa hata senti, ana kifungu chake. Sina kinyongo naye, ndiye aliyenifundisha kuzisoma hizo fomu. Kodi ningelipa. Wangeniambia mapema utashika 1,400, ningepangia 1,400, nisingemuahidi mwalimu mkuu hela ambayo haipo.

Kichekesho ni kwamba nyingi ya hiyo hela inarudi. Ile 30% ni makato ya awali. Ukijaza 1040-NR, fomu ya kodi ya mwaka kwa wageni wasio wakazi, wanapiga hesabu upya kwa viwango vya kawaida, na kwa kipato kidogo kama changu vinaanzia 10%. Ila wanataka 1042-S, karatasi inayoonyesha ulilipwa ngapi ukakatwa ngapi. Mwisho wa kuitoa ni tarehe 15 Machi. Nimeandika barua pepe saba. Juzi ndio wananijibu: tuliituma kwenye anwani yako. Anwani ipi? Ya chumba nilichopanga kule! Mimi niko Bwiru, na kila barua niliyowaandikia ina S.L.P. ya Mwanza chini. Nimeomba waitume upya kwa barua pepe, kimya.

Na kabla hamjaja na "mbona mimi nilikuwa J-1 sikukatwa": mnazungumzia makato ya hifadhi ya jamii. Hayo mtafiti wa J-1 anasamehewa miaka miwili ya mwanzo, awe wa nchi yoyote. Kodi ya mapato ni habari nyingine.

Kuna mtu huku Kanda ya Ziwa amewahi kudai bila 1042-S mkononi? Uliambatisha nini badala yake, na hela iliingia kwa njia gani? Ada inadaiwa bado.