Mliowahi kupitia maombi ya vifaa kutoka kwa walimu, mnapimaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za muda huu.

Sisi wahitimu wa sekondari moja huku Temeke tuna kamfuko ketu. Kila mwanzo wa mwaka walimu wanaleta maombi ya vifaa vya darasani, kamati inakaa inachuja. Maombi siku zote ni mengi kuliko kilichomo. Safari hii na mimi nimewekwa kwenye kamati, na kuna kitu kinaniudhi: kinachopita ni kile kilichoandikwa vizuri. Mwalimu wa lugha anajaza kurasa mbili za maneno matamu, pesa inatoka. Mwalimu wa hesabu kaandika mstari mmoja tu, "vifaa vya jometri vya ubaoni, seti 3", kawekwa pembeni eti hajafafanua. Afafanue nini sasa? Anachorea duara kwa uzi na chaki!

Kwa wasiojua: tangu elimu bila ada ianze 2016, ruzuku ya uendeshaji ni sh 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na sh 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu yake inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Ndiyo maana hata kamfuko kadogo kanagombaniwa.

Waliokaa kiti hiki, karibuni.

Fundi Bureti:
Nimestaafu ufundi sanifu wa maabara. Ombi la kemia ndilo rahisi kulipima kuliko yote, kwa sababu linahesabika. Kuna mwaka nililetewa karatasi nitoe maoni: chupa 4 za asidi haidrokloriki kali, za lita 2.5 kila moja, kwa kidato cha nne chenye watoto themanini hivi. Asidi ile kali ina molari (kipimo cha ukolezi) kama 12. Ukiizimua kwa maji mpaka 0.1, ya kutumia darasani, chupa moja inakupa lita 300 hivi. Mtoto mmoja kwenye taitresheni, lile zoezi la kupima asidi kwa kuidondosha kwenye besi, hamalizi hata mililita 150. Chupa moja ingewatosha na wadogo zao wote! Lakini karatasi hiyohiyo ilikuwa haina metili orenji hata tone, na bila kiashiria kama hicho, kinachobadili rangi kukuonyesha pa kuishia, hiyo asidi utaitazama tu.

Siwezi kusema ulikuwa wizi. Mara nyingi mtu ananakili orodha ya mwaka jana, na wa mwaka jana naye alinakili. Kwa hiyo mimi silisomi ombi kabla ya kuona leja ya stoo. Leja kwanza.

Mwalimu wa Zamu:
Niseme kwa upande wetu tunaoomba. Kuna wafadhili waliwahi kunipa fomu yenye kipengele cha "matokeo yanayopimika". Nilikuwa naomba rimu za karatasi. Nikaulizwa zitaongeza ufaulu kwa asilimia ngapi! Nikabuni namba, nikapewa.

Ukweli wenyewe ulikuwa mwepesi. Darasa lina watoto 120, jaribio moja kila wiki, karatasi moja kwa mtoto. Wiki nne ni karatasi 480, na rimu ina 500. Rimu moja kwa mwezi, basi. Wangeniuliza "utatumiaje?" ningewajibu kwa sentensi hiyo wala nisingedanganya. Mkuu, huyo wa jometri usimwambie afafanue. Mpigie simu.

Dogo wa Kariakoo:
Mimi niko upande wa kaunta, nauza vifaa vya shule na ofisi. Mnapenda kudai profoma tatu, yaani karatasi za bei za maduka matatu, mkidhani mmejilinda. Kaka zangu, wateja wanakuja dukani kwangu wanaomba niwatafutie na hizo mbili nyingine! Ukiona profoma tatu na zote zimekosea neno lilelile, jua zimetoka kompyuta moja.

Chukueni orodha, tumeni mtu mmoja apite maduka mawili matatu asubuhi moja aulize bei ya jumla. Halafu risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) iandikwe jina la shule, isiwe "keshi". Na mtu akiomba printa, mwulizeni bei ya wino wake kabla ya bei ya printa. Printa rahisi huwa na wino wa kukukomoa.

Mama Wawili:
Nipo kamati ya shule ya msingi, Mbagala. Mwalimu wa darasa la kwanza aliomba mikeka. Wenzangu wakakataa, eti mkeka si kifaa cha kufundishia, alete ombi la mabango ya herufi. Nikawauliza, mmeingia darasani kwake? Tukaenda. Watoto wa nyuma wamekaa kwenye sakafu iliyochimbika, daftari liko mapajani. Hayo mabango wangeyasomea wapi?

Mikeka ilinunuliwa. Na mpaka leo yupo mjumbe anayenuna tukikutana.

Mleta mada:
Mama Wawili, hapo umenigusa, sisi tunachujia sebuleni kwa mtu. Nitapendekeza twende shuleni kabla ya kikao kijacho. Na huyo wa hesabu nimempigia leo. Kumbe seti anazotaka ni bikari, pembemraba na kipimapembe vya mbao, moja kwa kila mkondo, maana ile iliyopo inazungushwa darasa hadi darasa na kipindi kinaishia koridoni.

Sasa kuna ombi moja linaligawa kundi: projekta. Linakula karibu nusu ya mfuko.

Fundi Bureti:
Umeme wa LUKU unalipwa na nani? Madirisha yana pazia? Jua la Dar saa nne asubuhi, ukutani hutaona kitu. Mlango una kitasa kinachofunga? Na joto hili na unyevu huu wa pwani, itakaa wapi? Nimeona hadubini nzuri zimeota ukungu kwenye lenzi kwa kufungiwa kabatini miaka.

Dogo wa Kariakoo:
Na taa yake mbadala ulizia kabisa kama ipo mjini.

Mleta mada:
Pazia hakuna. Kitasa kipo, ufunguo anao mkuu wa shule. Hilo la umeme naenda kuuliza Jumatatu. Jometri naipitisha hata wakinuna.